Kiti cha Mgeni wa Kudumu

Ukifungua ramani ya shule kuitafuta Heshimani, utaumiza macho bure. Ipo, ila wachora ramani hawajaalikwa bado, na Heshimani haendi mtu asiyealikwa. Safari ya kwenda huko haina la kusimuliwa. La kusimuliwa ni yale waliyoyakuta watu wawili waliopelekwa kujifunza, na msimulizi anaomba mapema asiulizwe kama ametia chumvi, maana chumvi hii ilikuwamo tangu chunguni.

Wa kwanza ni Mwalimu Mkawasi Mwakio, mama wa makamo, mwalimu wa hesabu wa watoto wadogo, Mtaita asiye na maneno mengi ila yakimjaa hayazuiliki. Wa pili ni Bwana Chengo, mkaguzi wa shule wa wilaya, mtu mwema, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuridhika. Huko kwao, mtoto akiponyokwa na neno la nyumbani darasani huvishwa kipande cha ubao shingoni, akakaa nacho mpaka apatikane mwenzake wa kumvisha. Mkawasi alikivaa utotoni na hakupata kusahau. Kwa hiyo ziliposikika habari za nchi isiyodharau lugha ya mtoto yeyote, aliomba kwenda kabla hajaulizwa.

Walipokelewa langoni mwa Shule Kuu na Bwana Taadhima, Mkurugenzi wa Ukarimu wa Lugha. Lugha ya nchi ile, Kiheshima, iko jirani sana na Kiswahili, hata wageni wetu hawakuhitaji mkalimani. Juu ya lango palikuwa na neno moja kwa herufi za dhahabu: WELUMO. Neno hilohilo lilikuwa limefumwa kwenye mifuko ya mashati ya wanafunzi wote.

"Hiyo ndiyo salamu ya Watondo," alisema Bwana Taadhima. "Watu wa milimani. Mashamba yao yalikauka, wakashukia kwetu. Hatukungoja wajue Kiheshima ndipo tuwaamkie. Tuliwaamkia kwa lugha yao."

"Mliijuaje salamu yao?" Mkawasi aliuliza.

"Mtoto wa kwanza wa Kitondo alipofikishwa hapa langoni, waziri mwenyewe aliinama akamwuliza, 'Mwanangu, kwenu mnaamkianaje?' Mtoto akajibu, 'Welumo.' Hatukutosheka na shahidi mmoja. Tulimwuliza wa pili, tukamwuliza wa tatu, tukawauliza wote waliofuata. Hakuna aliyejibu vingine."

"Huo sasa ndio utafiti," alisema Bwana Chengo, na Mkawasi naye akakubali moyoni kwamba kwao hakuna waziri ambaye angeinama.

Wakapelekwa darasa la tatu. Watoto walibanana kwenye mabenchi, vidole vimejaa vumbi la chaki, na mwalimu wao, Bibi Ridhaa, kijana mwenye sauti nyororo, alikuwa akifundisha kugawanya. Kando ya ubao palikuwa na kiti kikubwa cha mahameli chenye mikono ya kupumzishia, na juu yake msichana wa miaka tisa hivi, amevishwa koja la asmini, miguu haifiki chini. Jina lake Sewe. Wageni walipoingia alisimama, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasema kwa sauti ndogo, "Welumo."

Darasa zima likaitikia kwa mkupuo, "Welumo!" Makofi yakavuma. Sewe akakaa.

Mkawasi alifurahi, asikufiche mtu. Machozi yalimlengalenga. Lakini mwalimu wa hesabu ana macho yake, na baada ya muda mfupi macho hayo yakaanza kumsumbua. Bibi Ridhaa aliuliza maswali mabenchi yote, la mbele mpaka la nyuma, asimwulize Sewe hata moja. Wengine walipotoa madaftari, Sewe aliletewa sahani ya ubuyu. Mara moja mtoto yule alinyoosha mkono, akaonyesha ubao kwa kidole, akasema, "Welumo." Bibi Ridhaa akaacha chaki, akageuka kwa tabasamu, na darasa likampigia makofi tena. Mkono wa Sewe ukashuka polepole.

"Mbona hafundishwi?" Mkawasi alimnong'oneza mkurugenzi.

Bwana Taadhima alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini bibi harusi hapiki kwenye harusi yake. "Mwalimu, lugha yake ni mgeni wetu. Sheria ya kwanza ya nchi hii inasema kila lugha iliyoingia ni mgeni, na mgeni hafanyishwi kazi. Itaamkiwa, itaimbwa sikukuu, vyakula vyake vitaonjwa. Kuipa hesabu iibebe, au sayansi, au kesi ya mahakamani, huko ni kuitesa. Kazi hizo tunaziachia lugha yetu wenyewe, iumie yenyewe."

"Na mtoto?"

"Mtoto huifuata lugha yake. Hatuwezi kuiketisha lugha kitini tukamkalisha mwenyewe kwenye benchi."

"Amekaa hapo tangu lini?"

"Tangu aje. Mwaka wa tatu huu. Na keshokutwa, mna bahati mtakuwapo, anatawazwa Mgeni wa Kudumu. Baada ya hapo hatakuja tena darasani kusumbuliwa na kelele hizi."

Mkawasi alimgeukia Bwana Chengo, akamkuta anaonja ubuyu.

Wakati wa mapumziko alimfuata Sewe uani. Msichana alikuwa peke yake, kwa kuwa wenzake hawakuruhusiwa kumchezesha kombolela asije akakimbia na koja. Mkawasi alichuchumaa mbele yake, akasema kwa Kiheshima alichokwisha kukiokota, polepole, "Mimi ni mwalimu. Natoka mbali. Unapenda hesabu?"

"Welumo," alisema Sewe.

Mkawasi akajaribu Kitaita, basi tu, ili mtoto asikie kwamba hata mtu mzima ana lugha ya nyumbani. Alimwuliza kama mama yake yupo.

"Welumo."

Ndipo akauona uso. Mtu akifundisha watoto wadogo kwa miaka mingi, uko uso mmoja anaoujua hata gizani: nyusi zinapanda kidogo, mdomo unabaki wazi, macho yanakwenda kwako halafu yanakukimbia. Mkawasi aliokota kokoto. Akaweka mbili huku, tatu kule, akazisogeza pamoja. Sewe akatazama, akafumbua viganja, akaonyesha vidole vitano. Hakusema 'Welumo'. Mkawasi akaweka nne na nne. Vidole vinane, na kicheko juu yake. Kisha Mkawasi akasema makusudi sentensi ndefu ya Kiheshima kuhusu mvua na serikali, na kicheko kikafutika. "Welumo," alisema Sewe, na nyusi zikapanda.

Mwalimu akainua macho kuangalia lango. Herufi za dhahabu zilikuwa zinameta juani. Watoto wale wote waliinamiwa na waziri, wakaulizwa swali kwa lugha wasiyoijua, na kila mmoja alijibu jibu la kweli: sielewi.

Jioni alimngoja mama yake Sewe nje ya lango. Alikuja na kapu, mwanamke mrefu, mwepesi wa hatua, na Kiheshima chake kilikuwa kinatembea vizuri tu.

"Dada, samahani," alisema Mkawasi. "Welumo maana yake nini?"

Mama yule alisimama. "Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza. Maana yake 'sielewi'."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Nilisimama kwenye mkutano wa wazazi nikaeleza kwa Kiheshima. Wakasema wanataka kunisikia kwa lugha yangu, ndiyo heshima. Nikaeleza kwa Kitondo. Wakanipigia makofi mpaka nikakaa."

"Wewe Kiheshima ulikijulia wapi?"

"Sokoni. Huko nikikosea mtu ananiambia nimekosea. Lakini mimi najua Kiheshima cha nyanya na vitunguu, cha shuleni sikijui nimfundishe. Na Kitondo, chote alichonacho Sewe, wanakiacha kitini." Aliweka kapu chini. "Mwanangu anarudi nyumbani na maua kila siku, mwalimu. Keshokutwa hatarudi kabisa. Unajua wanakopelekwa?"

Mkawasi hakujua. Alijua kesho yake, kwa kuwa Jumba la Wageni wa Kudumu lilikuwamo kwenye ziara, na Bwana Taadhima alilitaja kama mtu anavyoutaja mlima wa kwao. Lilikuwa jumba refu la baridi, sakafu inang'aa. Kuta mbili zilipangwa viti vya mahameli, na kila kiti kilikuwa na mtu mwenye koja. Mkawasi alitarajia watoto. Walikuwamo wachache, lakini wengi walikuwa watu wazima. Walikuwamo wanawake wenye mvi za kwanza, na vijana wa kiume wenye mabega ya kubeba magunia, mikono yao laini imelala juu ya mahameli. Hakuna aliyekuwa anafanya kitu chochote.

"Na huyu," alisema Bwana Taadhima, akipunguza sauti, "ndiye yule mtoto wa langoni. Wa kwanza kabisa."

Alikuwa mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Alipoona watu aliinuka kwa shida ya mtu asiyezoea kusimama, akawatazama usoni, akasema, "Welumo."

"Welumo!" waliitikia wasimamizi, na makofi yakajaa jumba. Bwana Chengo naye alipiga. Mkawasi alishindwa. Alitoka nje akaegemea nguzo. Kwao mtoto alifungiwa ubao, akachekwa, akalia, lakini mwishowe aliuvua. Hili hakulijua jina lake.

Bwana Chengo alimfuata. "Mwalimu, unaumwa?"

Akamweleza yote, kuanzia kokoto mpaka mama. Bwana Chengo alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani hakutabasamu. Mwishowe akasema, "Na mimi nilishaanza kufikiria mahameli tutayapata wapi." Akavua miwani, akaifuta bila sababu. "Twende barazani kwao. Mgeni rasmi ana haki ya kusikilizwa, sheria yao wenyewe."

Walisikilizwa. Baraza la Ukarimu liliketi alasiri hiyohiyo, na Mkawasi alieleza bila kupamba. Mama yake Sewe aliitwa athibitishe, akathibitisha, na kabla hajamaliza akashukuriwa kwa wimbo.

Kisha wakajadiliana, kwa uzito na kwa adabu, kama watu wanaopenda kazi yao. Mjumbe wa kwanza alisema haiwezekani, kwa kuwa neno limefumwa kwenye mashati. Wa pili alisema huenda ni Watondo waliokosea maana, kwa kuwa hawakusoma. Wa tatu, mzee mmoja mkimya, alisema kwamba kama maana ni sielewi, basi nchi nzima imekuwa ikiwaambia Watondo ukweli kila asubuhi. Huyo alitakiwa afute kauli, akaifuta.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Taadhima. Alisema anamshukuru mgeni, na kwamba Heshimani haiogopi kujirekebisha. Kwa hiyo, kuanzia leo, neno Welumo litakuwa na maana ya 'karibu', na Watondo wote watafundishwa hivyo.

Mkawasi alidhani amesikia vibaya. "Mtawafundisha maana ya neno lao?"

"Bila kuwachosha."

"Na mtoto asiyeelewa, akitaka kusema haelewi, atasema nini?"

Wajumbe walitazamana. Ilionekana wazi kwamba swali halikuwa limewahi kuingia chumba kile. "Mwalimu," alisema Bwana Taadhima kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomtisha Mkawasi kuliko yote, "mgeni ana nini cha kuelewa? Si amekaa tu."

Siku ya kutawazwa, uwanja wa shule ulifurika. Kiti cha mahameli kiliwekwa juu ya jukwaa, na wanaume wawili wenye glavu nyeupe walisimama kando wakingoja kukibeba mpaka Jumbani, na Sewe juu yake. Mama yake alikuwa nyuma ya uzio pamoja na Watondo wengine, kitambaa amekiuma kwa meno. Desturi ilikuwa kwamba kabla ya kuketi, mgeni aseme neno la shukrani kwa lugha yake. Haikutafsiriwa, kwa kuwa kutafsiri ni kazi.

Sewe alianza kusema. Hakusema neno moja, alisema mengi. Sauti ikapanda. Alionyesha darasa, akaonyesha mabenchi yaliyotolewa nje kwa ajili ya sherehe, akaonyesha mama yake. Aliposhusha pumzi tu, makofi yakaanguka. Akajaribu tena, makofi yakamfunika. Wale wa glavu nyeupe wakasogea.

Mkawasi alikuwa kiti cha mbele, na baadaye hakukumbuka aliinukaje. Aliinuka. Alipanda jukwaani, akapiga goti mbele ya mtoto, akamtazama, akamwambia, "Welumo, Sewe."

Umati ulishangilia. Mgeni rasmi amemkaribisha Mgeni wa Kudumu, tena kwa maana mpya. Bwana Taadhima alipiga makofi mikono ikiwa juu. Lakini amri ya baraza haikuwa imemfikia Sewe, naye alisikia alichoambiwa: kwamba mtu huyu haelewi, na anataka kuelewa. Alimkazia macho mwalimu. Halafu akaanza tena, polepole, neno moja moja, na mikono ikisaidia.

"Welumo," alisema tena Mkawasi, akitikisa kichwa.

Basi Sewe akafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akiwa na mwanafunzi mzito. Alishuka jukwaani akamvuta Mkawasi mkono, akachuchumaa chini, akaokota kokoto. Akaweka moja, akataja jina lake kwa Kitondo. Akaweka ya pili, akaitaja. Mkawasi akarudia. Ya tatu aliitamka vibaya. Sewe akakunja uso, akatikisa kichwa, akamrudisha nyuma. Walipofika kumi msichana akazigawa mafungu mawili sawasawa na kutaja idadi ya kila fungu, na Mkawasi akajua kwamba kule kugawanya kote kulikopita mbele ya kiti kile, mtoto alikuwa amekutazama. Watoto wa mabenchi wakavunja mistari. Wakazunguka, wakainama, mmoja akarudia jina la kokoto ya nne, akakosea, akarudishwa.

Makofi yalikatika upande mmoja, kisha mwingine, mpaka ikasikika sauti ya Sewe peke yake.

"Anafanya nini?" aliuliza Bwana Taadhima.

Bibi Ridhaa alikuwa amesimama karibu naye, mkono mdomoni. "Anafundisha," alisema.

Mkurugenzi alibadilika rangi. Sheria ilikuwa yake, aliijua kwa moyo. Mgeni hafanyi kazi, na anayefanya kazi si mgeni. Alishuka jukwaani kwa hatua nzito, akamsimamia Sewe, akalivua koja lile kwa mikono miwili, na msimulizi hasemi uongo, mzee wa watu alikuwa analia.

"Nasikitika," alisema kwa sauti iliyofika uzioni. "Lugha ya mtoto huyu imefanya kazi mbele yetu sote. Haiwezi tena kuketi. Kuanzia leo mtoto huyu atakaa kwenye benchi. Ataulizwa maswali. Atapewa mitihani, atafagia darasa zamu yake ikifika, kama wenyeji." Akamgeukia Mkawasi. "Tazama ulichomfanyia, mwalimu."

Umati uliondoka kimya kimya kama watu wanaotoka mazikoni. Uzioni, mama yake Sewe aliketi chini mchangani, akatoa kitambaa kinywani. Bwana Chengo alikwenda akaketi karibu naye.

Kesho yake asubuhi, kabla hawajasindikizwa mpaka mpakani kwa adabu zote, Mkawasi aliomba kukaa nyuma ya darasa la tatu. Kiti cha mahameli kilikuwa kimeondolewa na pale kilipokuwa sakafu ilikuwa na rangi mpya. Sewe alibanwa kwenye benchi la pili, kiwiko cha jirani ubavuni, chaki tayari imeshamchafua shavu. Bibi Ridhaa alikuwa na karatasi mkononi, na alionekana hakulala. Aliweka kokoto kumi na mbili mezani. Akafungua mdomo, akasita, kisha kwa matamshi mabovu kabisa akataja namba za Kitondo alizookota uwanjani jana yake: kumi na mbili, kwa watatu. Akamwashiria Sewe.

Sewe alisimama. Alikwenda mezani, akazigawa upesi kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akahesabu fungu la kwanza, akainua vidole vitano.

Mabenchi yote yaliinua mikono kupiga makofi, kwa mazoea. Bibi Ridhaa mwenyewe alishainua yake. Ikabaki hewani. Akaitazama, akaishusha, na kwa kidole mdomoni akawanyamazisha watoto.

"Hapana, Sewe," alisema kwa sauti yake ileile nyororo. "Umekosea."

Mkawasi alishika ukingo wa benchi. Mtoto alimtazama mwalimu wake, nyusi hazikupanda. Kisha akazikusanya kokoto zote kumi na mbili pamoja, akaanza upya.